Zizi Zima

Dume moja la ng'ombe lililokuwa likipelekwa mnadani lilijikuna kwenye nguzo ya dishi langu, na tangu siku hiyo televisheni ya mgahawa wangu ikawa inakamata chaneli moja tu. Fundi alikuja, akapanda juu, akashuka, akanywa chai, akala chapati, akaniambia, "Mama Masunga, shukuru hata hiyo moja imebaki." Nilimfukuza sahani ikiwa bado mkononi mwake. Watu wa Bariadi wanasema mimi Eufrasia hasira zangu ziko karibu, na hawajakosea, lakini chapati ile inaniuma mpaka leo.

Chaneli yenyewe haikuwa na mpira, wala tamthilia, wala kwaya. Ilikuwa na watu waliokaa kuzunguka meza ya kijani kutwa nzima. Wamevaa miwani myeusi ndani ya nyumba. Hawacheki, hawali, hawasalimiani. Katikati yupo binti wa kizibao cheusi anayewagawia karata mbili mbili, nao wanazifunika kwa kiganja, wanainua pembe kidogo, wanachungulia, wanazirudisha chini. Kisha wanaanza kusukuma mbele vidude vya rangi. Huyu anasukuma, yule anaongeza, mwingine anatupa karata zake na kuondoka mikono mitupu, vidude vyake vikibaki pale pale. Mtangazaji alisema lugha ambayo hata Mwalimu Deogratias wa shule ya msingi hakuitambua, na yeye kwa kawaida hutambua kila kitu.

"Ni kamari," alisema Mwalimu. "Wanacheza karata."

Mgahawa mzima ulimcheka. Karata tunazijua. Kwenye karata watu wanagonga meza, wanatupiana maneno, wanachungulia za jirani. Nani atakaa na uso wa msibani mchana kutwa kwa ajili ya karata mbili?

Aliyetufumbua macho ni shemeji yangu Januarius, mdogo wa marehemu mume wangu. Yeye ndiye msemaji wa ukoo wetu kwenye mambo ya posa, kwa sababu ana sauti nzuri na hana haraka ya kurudi nyumbani. Alikuja kutoka Shishiyu, akaitazama ile meza tangu asubuhi, akasahau hata kumalizia wali wake. Mwisho alisimama.

"Jamani," alisema, "hicho ni kikao cha mahari."

Tulitazama upya, na kweli, kila kitu kikakaa mahali pake. Kwetu ng'ombe wa mahari hujadiliwa kwa vijiti. Baba wa binti anaweka fungu la vijiti mkekani, kila kijiti ng'ombe mmoja. Msemaji wa upande wa kijana anapunguza, mwenye binti anarudisha, hivyo hivyo mpaka waelewane. Basi vile vidude vya rangi ni vijiti vyao. Zile karata mbili ni siri ya ukoo, ule mwisho ambao msemaji anaambiwa nyumbani asiuvuke, ndiyo maana anauchungulia na hamwonyeshi mtu. Miwani ni adabu, maana mkwe hamkodolei mkwe macho. Na yule binti wa kizibao, asiyecheka wala kuinua uso, ni nani kama si mwenye kuposwa?

"Mbona wanamposa kila siku na haondoki?" aliuliza Mwalimu.

"Baba yake mgumu," Januarius alimjibu.

Siku walipomwondoa binti yule wakaleta mwingine mwenye nywele nyekundu, wanawake tulipiga vigelegele hadi watu wa mashine ya kusaga wakaja kuuliza. Wa kwanza ameshaolewa, sasa ni zamu ya mdogo wake.

Kuanzia hapo sikupata benchi tupu. Watu waliacha michembe, vile viazi vikavu vya kuchemsha, ikipoa mbele yao wakibishana. Sisi watazamaji tulionyeshwa siri za wasemaji wote, kwa hiyo tulijua nani ana ng'ombe na nani hana. Mwenye picha za wafalme alikuwa tajiri. Mwenye mbili na saba alikuwa fukara. Msemaji akisukuma vidude vyake vyote kwa mpigo, mgahawa mzima ulipaza sauti, "Zizi zima!" Na kama tulimwona ana mbili na saba, tuliongezea kwa kunong'ona, "Zizi tupu." Aliyeogopa akatupa karata tulisema amelaza, na akilaza vijiti vyake vinakwenda kwa mwenzake. Hapo hatukuelewa sana, lakini Januarius alisema ni faini ya kuwapotezea wazee muda.

Mshabiki kuliko wote alikuwa mzee Kashindye wa Lalago, mkulima wa pamba mwenye ng'ombe wa kutosha. Kila siku ya mnada alimaliza shughuli zake haraka, akaja akakaa benchi la mbele, kofia magotini. Huyo ndiye baba yake Milembe.

Na Milembe ndiye aliyekuwa akiishi kwangu na kunisaidia jikoni. Niseme wazi. Mungu alinipa mtoto mmoja tu, Masunga, fundi pikipiki, kijana mwema ila ukimwuliza jambo leo anakujibu kesho. Baba yake alipofariki, nyumba yangu ikawa kimya mpaka nikawa nazungumza na sufuria. Akaja Milembe na mdomo wake. Nikifoka, anafoka. Nikisema ugali haujaiva, anaumega mbele yangu, anatafuna, anasema umeiva. Nilimpenda yule binti kuliko nilivyowahi kumwambia mtu. Masunga aliponiambia anataka kumwoa, nilikwenda nyuma ya jiko nikalia kwa furaha, nikarudi nikamgombeza kwa kuchelewa kusema.

Lakini kulikuwa na mtu wa Lamadi, Yakobo, mfanyabiashara wa dagaa, naye ameshatuma salamu Lalago. Kashindye, ambaye huniita mayu, yaani mama, aliniambia bila kificho, "Mayu, ninyi ndio wa kwanza. Njooni tukae. Tukishindwana nitamsikiliza wa dagaa."

Nilimwita Januarius. Nikamwambia, "Shemeji, unajua hali yetu. Zizi la ukoo halina kitu tangu ukame ule. Nenda ukapunguze vijiti vya watu kwa adabu, kisha uombe tulipe kidogo kidogo, Masunga ana kazi. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

"Rudia nilichosema."

Alirudia vizuri kabisa. Ndiyo maana sikushtuka mapema.

Siku ya kikao tulifika Lalago mchana. Tulisalimiana, mwadila, mwadila, mhola, mhola duhu, wanaume wakaketi mkekani uani na sisi wanawake tukakaa upande wa jiko, ambako tunasikia kila neno lakini hatuna ruhusa ya kusema hata moja. Ndipo Januarius akatoa mfukoni miwani myeusi akavaa. Nilitaka kucheka. Kisha Kashindye naye akatoa ya kwake akavaa, na kicheko kikanikauka.

Kashindye aliweka fungu la vijiti mkekani. Januarius alipaswa kupunguza. Hakupunguza. Aliinua pembe ya karatasi aliyoificha chini ya kiganja, akachungulia, akairudisha. Karatasi yenyewe niliijua, ilikuwa imefungia sukari. Halafu akafungua kiroba alichokuja nacho, akatoa vijiti vyake mwenyewe, akaongeza juu ya vile vya Kashindye.

Wazee walitazamana. Mzee Mhoja, kaka yake Kashindye, mtu asiye na umeme wala televisheni, alisema, "Kijana, hapo umeongeza."

"Najua nilichofanya," alisema Januarius.

Kashindye akachungulia chini ya kofia yake, sijui aliweka nini humo, na yeye akaongeza. Januarius akaongeza. Kuku alipita katikati ya mkeka akadonoa kijiti kimoja na hakuna aliyemfukuza. Mimi nilimshika mkono shangazi yake Milembe, mama mmoja aitwaye Matilda, nikambana mpaka akazibandua kucha zangu. Shemeji yangu anaahidi ng'ombe ambao hawajazaliwa, na kule ndani ya nyumba Milembe amekaa na nguo mpya akinisubiri mimi.

Januarius alikishika kile kiroba kwa mikono miwili, akakimimina chote.

"Zizi zima," alisema.

Kashindye alimkazia macho. Alimtazama tangu kofia hadi viatu, akamtazama shingoni kama mshipa unapiga. Januarius hakumeza hata mate. Niliomba Mungu Kashindye aseme leta tuone, mambo yaharibike hapo hapo tukaombe msamaha mapema. Hakusema hivyo. Alishusha pumzi, akaokota kofia, akaitupa mkekani.

"Nalaza," alisema.

"Umelaza nini?" aliuliza Mhoja. "Watu wanakupa ng'ombe wa zizi zima, unakataa?"

"Kaka, huelewi. Ukisema leta, na wewe unaweka wako wote. Akiwa nao kweli, mimi nimekwisha." Akasukuma vijiti vyake vyote upande wa Januarius. "Hawa wangu ni wenu. Mmeshinda."

Kwa hiyo mzee wa watu aliyekaa kupokea mahari akawa ametoa ng'ombe. Upande wetu hakuna aliyejua kama apige makofi au akimbie. Lakini Mhoja ni mzee wa mila, na mila anaijua vizuri. Akasema, "Sawa. Mimi nilikuta hivi, na wazee wangu walikuta hivi. Anayetoa ng'ombe ndiye anayemchukua mtu. Sisi tumetoa ng'ombe. Kijana ni wetu."

Nilisahau kwamba sina ruhusa ya kusema. "Yupi?" nilipiga kelele kutoka jikoni.

"Huyo Masunga wako, mayu. Tutakuja kumchukua kwa heshima zote."

Na walikuja. Kwanza ng'ombe waliswagwa hadi Bariadi wakajazana uani kwangu, wakamkuta ng'ombe wangu mmoja wa maziwa wakamlia majani yake. Nyuma yao wakaja mashangazi wa Lalago wakiongozwa na Matilda, wanaimba, wameniletea blanketi la mama mzazi. Walimfunika Masunga khanga kichwani. Walimwambia akawe mvumilivu, asiwajibu wakwe, aamke mapema.

"Nichukue spana zangu?" aliuliza Masunga.

"Chukua mwanetu, ila usizitangulize mbele ya mkeo."

Nilimwambia akatae. Alinijibu siku hiyo hiyo, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Mama, popote alipo Milembe mimi nipo sawa."

Milembe naye alikuja kufungasha nguo zake, macho yamemvimba. "Mayu, nifanye nini? Siwezi kumwacha peke yake ugenini." Nikamwambia nenda. Nikamwambia kwa ukali, kwa sababu ningesema polepole ningelia mbele ya wateja. Wakaondoka wote wawili, yeye ametangulia, mume wake anafuata na khanga kichwani. Nilibaki na blanketi na ng'ombe wa watu.

Mjini Januarius akawa shujaa. Watu walimnunulia soda. Alieleza mara nyingi jinsi alivyouzuia mshipa wa shingo. Nilimnyima chakula, akala kwa jirani. Nilimwambia amenimalizia watoto, naye akaniambia hakuna ukoo uliowahi kupata ng'ombe kwa kuoza kijana wa kiume, nijivunie. Nilimrushia mwiko. Ulimkosa, na hilo ndilo jambo lingine linaloniuma.

Wiki zikapita. Mnada mmoja Kashindye aliingia, akakaa benchi la mbele, na hakutazama televisheni. Nilimwekea ugali na sato. Hakugusa. Alikuwa amekonda.

"Watoto hawajambo?" nilimwuliza.

"Hawajambo. Kijana anatengeneza hata pampu za maji. Anasenya na kuni." Kisha akaniinamia. "Mayu, nakuomba kitu kimoja. Alikuwa nao?"

"Nani?"

"Januarius. Wale ng'ombe. Alikuwa nao kweli, au lilikuwa zizi tupu? Mimi silali. Naona ile sura yake mpaka kwenye chakula. Mke wangu anasema nimerogwa. Sijarogwa, mama. Nataka kujua tu kama nililaza kihalali."

Mgahawa mzima ulikuwa umegeuka. Kila mtu pale alikuwa ameziona meza za kutosha kujua sheria moja: aliyelaza haonyeshwi za mwenzake. Kuona kuna bei.

Januarius alikuwa kwenye kona na soda yake. Alikuja mbio akanivuta pembeni. "Shemeji, usithubutu. Ukimwonyesha umeuvua nguo ukoo mzima. Na fikiria vizuri. Akijua hatuna kitu, atawatenganisha wale watoto leo leo. Wa dagaa bado anangoja."

Kwa mara ya kwanza alisema jambo la maana. Nikinyamaza, watoto wapo pamoja, ila si kwangu. Nikisema, huenda wakaja kwangu, na huenda Milembe akaenda Lamadi kuanika dagaa za mtu mwingine. Nilisimama na bakuli la mchuzi mkononi mpaka likapoa. Kisha nikaona yule mzee anavyoitazama sahani ya sato bila kuiona, nikamwonea huruma, na huruma kwangu ni jambo la haraka kama hasira.

"Twende Shishiyu," nilimwambia. "Bei tutaongea huko."

Tulikwenda kwa pikipiki, Januarius nyuma yetu kwa nyingine akipiga kelele za kutusimamisha. Nilimfikisha Kashindye kwenye zizi la ukoo wetu. Nikaondoa miti ya mlangoni. Ndani hapakuwa na ng'ombe, wala mbuzi. Palikuwa na mchicha, umestawi hadi kiunoni, kwa sababu ya samadi ya miaka yote ya nyuma.

"Ndilo hili," nilisema. "Humu hamna hata ndama. Nilimtuma aje kuomba tulipe kidogo kidogo. Sasa umejua, fanya unavyotaka, ila mimi nilikuwa namtaka Milembe nyumbani kwangu. Kitu kingine sikukitaka."

Kashindye aliingia ndani. Alizunguka zizi lote, akipangusa mchicha kwa mkono. Alichungulia hata nyuma ya kigogo. Kisha akarusha kofia juu.

"Nilijua!" alipiga kelele. "Zizi tupu! Moyo uliniambia, nikaubishia! Nilikuwa nimeshinda, Mayu, nilikuwa nimeshinda!" Alikuwa akilia na kucheka. Akamkumbatia Januarius, aliyekuwa amefika na uso wa mtu aliyefumaniwa. "Ulinipiga vizuri, baba. Ulinipiga vizuri sana." Akachuma mchicha, akasema anasikia njaa.

Alipokwisha kula, akili ikamrudia. "Sasa kikao turudie," alisema. "Binti aje kwako, kijana arudi kwao. Lakini mayu, mahari mtatoa wapi?"

"Uani kwangu kuna ng'ombe," nilisema.

"Wale wangu?"

"Ulilaza. Ni wetu."

Alipanga na kupangua kwa vidole. Ni mtu wa haki, Kashindye. "Ni wenu," alikubali. "Waleteni."

Kwa hiyo ng'ombe waliotoka Lalago kwenda Bariadi wakatoka Bariadi kwenda Lalago. Mhoja alipanga vijiti mkekani na safari hii hakuna aliyevaa miwani. Baada ya kuelewana, upande wa binti ulisimama kukagua mifugo, kama ilivyo ada, maana hakuna anayepokea mahari bila kumwangalia mnyama meno na kwato. Kashindye alipita akiwapiga viganja mgongoni mmoja mmoja, anawaita kwa majina. Akafika kwa jike moja la kijivu, akasimama.

"Huyu simtaki."

"Kwa nini?" aliuliza Januarius.

"Anapiga teke, na kila ndama anayemzaa anakufa. Mtu aliyewapa huyu aliwaonea."

"Ni wewe uliyewapa," alisema Mhoja.

"Basi niliwaonea. Lakini simpokei. Leteni mwingine, au kikao kiahirishwe."

Kikao kiahirishwe. Nilizisikia hizo habari nikiwa upande wa jiko, na nikajua wakiahirisha, Januarius atapata muda wa kufikiri. Nilitoka. Nilipita katikati ya wanaume wote, nikasimama mbele ya Kashindye. Nilimwambia nyumbani nina wa maziwa, ana afya, nimemlea mwenyewe kwa makombo ya mgahawa, na kesho kabla jua halijashuka atakuwa amefika. Sikuficha uso. Machozi yalikuwa yananitoka na sikuyapangusa.

Kashindye alinitazama kidogo tu. "Huyo sihitaji kumkagua," alisema. "Milembe, toka nje. Nenda kwenu."

Akatoka na mfuko wake wa nguo. Masunga alikuwa amesimama mlangoni na spana zake, amenyoosha mkono. Milembe akampita, akaja akanishika mkono mimi. Tulianza safari ya kurudi Bariadi, na njia nzima alinigombeza kwa kumtoa ng'ombe mzuri vile wakati ningeweza kuwabembeleza wakakubali mbuzi. Alisema sijui kujadiliana, alisema nina haraka, alisema tangu leo mambo ya mifugo nimwachie yeye. Nilimwacha aseme.